Virunga iliyofika hadi Nairobi

Juzi jioni nilikuwa nimekaa mbele ya nyumba hapa Vuhovi, simu mkononi, nikisikiliza wimbo wa zamani uitwao Malako. Mama mmoja mkimbizi, aliyepokelewa na familia ya jirani, akasimama njiani na mtungi wake wa maji.

«Baba, ni nani hao wanaoimba?»

«Mama, ni Orchestra Virunga.»

Akanyamaza kidogo. «Virunga? Mbona waupe muziki jina la kule tulikokimbia?»

Sikuwa na jibu tayari. Kwa mama huyu, Virunga ni ile bustani ya wanyama iliyo karibu na mashamba aliyoyaacha. Akilisikia jina hilo, anakumbuka usiku ule wa kukimbia na watoto. Nikamkaribisha akae, nikamweleza habari ninayowapa nanyi leo, ndugu wasikilizaji.

Mwimbaji wake ni Samba Mapangala. Si mtu wa Kivu. Alizaliwa Matadi, kule mto Kongo unapokaribia bahari, akaimbia Kinshasa. Katikati ya miaka ya 1970 alikwenda Uganda, wakati wa utawala wa Idi Amin. Huko Kampala, yeye na wenzake waliunda kundi la Les Kinois, yaani watu wa Kinshasa. Mwaka 1977 wakavuka hadi Nairobi.

Kundi hilo lilivunjika. Mwaka 1981 Mapangala akaanzisha jingine, na safari hii hakuchukua jina la mji alikotoka. Alichukua jina la milima yetu ya moto: Virunga. Waliimba kwa Kiswahili na Kilingala, magita yakijibizana, saksofoni ikiingia juu yake. Malako ilitoka mwaka 1982. Mwaka 1990 nyimbo zao zikatolewa London kwa jina la Virunga Volcano.

Maisha hayakuwa rahisi. Wanamuziki wengi Wakongomani waliokuwa Kenya miaka ile walihangaika na vibali vya kazi. Leo una kazi, kesho karatasi imekwisha. Wanamuziki wa Virunga nao walibadilika mara nyingi. Baadaye Mapangala akahamia Marekani, na jina akaenda nalo: sahani ya mwaka 2006, na ile ya Maisha ni Matamu ya 2011, bado zinaandikwa Orchestra Virunga.

Hapo mama akauliza: «Kwa hiyo hata wao walihama?»

Ndiyo, mama. Silinganishi shida zao na zenu. Wao walikwenda kutafuta kazi. Ninyi mlikimbia kuokoa roho. Lakini jina la kwetu lilitembea nao miaka mingi, na watu wa Nairobi walilijua kwa furaha kabla ya dunia kulijua kwa habari za vita.

Mama akaniomba niurudishe wimbo tangu mwanzo. Hakucheza. Alisikiliza mpaka mwisho, akabeba mtungi wake, akasema kesho atakuja na watoto, kwa sababu wao Virunga wanaijua ya risasi tu.

Kama kuna mzee mwenye sahani au kaseti za miaka ile, anitafute. Watoto hao wasikie na nyingine.