Simu Moja, Wanafunzi Watatu

Katika desturi zetu, somo huanza kwa salamu. Mwalimu aingiapo darasani, wanafunzi husimama wakamwamkia, naye huwaitikia ndipo wakae. Wako wanaoliona jambo hili kuwa ni kupoteza wakati. Sisi tulikuja kuitambua thamani yake mwaka 2020, siku tuliyosimama kuamkia na tusipate wa kutuitikia.

Mwezi Machi mwaka huo shule na vyuo vya Tanzania vilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, nasi tukarudi nyumbani Lushoto, katika milima ya Usambara. Tulikuwa watatu, wa kijiji kimoja na chuo kimoja. Baadaye chuo kilitupasha habari kwamba masomo yangeendelea kwa njia ya mtandao. Tulifurahi, lakini simu iliyoiweza kazi hiyo ilikuwa moja tu baina yetu, na fedha za intaneti ilitubidi kuzichanga. Isitoshe, mtandao haukufika bondeni kwetu. Kila asubuhi tulipanda kilimani, na kwa kuwa masika ilikuwa imekwisha kuanza, tulijikinga kwa turubai.

Siku ya kwanza, sauti ya mwalimu iliposikika, tulisimama sote kwa mazoea, tukaamkia kwa pamoja. Kimya. Vipaza sauti vya wanafunzi wote vilikuwa vimefungwa ili kelele zisichanganyike. Tulikaa taratibu, tukitazamana kwa haya. Katika kioo cha simu yalionekana majina tu, kila jina katika kisanduku cheusi. Wala haikuwezekana kujua ni nani aliyekuwapo na ni nani aliyeiacha simu isikilize huku mwenyewe amekwenda kuteka maji. Mwalimu aliuliza, "Mmenielewa?" akangoja, kisha akajijibu mwenyewe. Tulimhurumia.

Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba hatukujifunza. Mmoja wetu alishika simu, wa pili aliandika, na wa tatu alitega sikio ili ayaunge maneno yaliyokatika mtandao ulipoyumba. Jioni tulijadiliana nyumbani kwa babu wa mmoja wetu. Mzee huyo hakuona ajabu yoyote. Alitusimulia habari za kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo kwayo watu wapatao milioni 2 walijifunza juu ya magonjwa na usafi. Kila kikundi kilikusanyika penye redio pamoja na kiongozi wake na kitabu. Wakisha kusikiliza walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

"Redio ilikuwa moja, wajukuu zangu," alisema, "lakini tulihesabiwa sote."

Neno hilo lilituchoma, maana sisi hatukuhesabiwa sote. Programu ile ya masomo ilitambua jina moja tu, lile lililofungua darasa. Wawili waliobaki, hata kama walikuwa wameloa mvua kwa ajili ya somo hilohilo, waliandikwa watoro. Tukaamua kuingia kwa zamu, leo jina la huyu, kesho la yule. Kwa njia hiyo kila mmoja wetu akawa mtoro siku mbili katika kila tatu.

Vyuo vilipofunguliwa tarehe 1 Juni 2020, tulikwenda kujieleza kwa walimu wetu, tukiwa na daftari mkononi. Wawili kati yao walilipitia ukurasa kwa ukurasa, wakaturekebishia mahudhurio. Wa tatu alisema kwamba orodha ya mashine haibishaniwi. Katika somo lake, zamu nyingi za mwenzetu aliyekuwa mwandishi ziliangukia siku za mvua kubwa, mtandao ulipokatika kabisa. Alizuiwa kufanya mtihani, ikambidi alirudie somo hilo mwaka uliofuata. Sisi wawili tulifaulu. Daftari tulilolisoma kujiandaa kwa mtihani huo lilikuwa la mwandiko wake.