Kilo Zilizopotea Newala

Kabla ya safari hii sikuwahi kuvuka Rufiji. Basi lilipita Mbagala alfajiri, likaacha Kibiti na Ikwiriri, na jua lilipopanda tukawa juu ya Daraja la Mkapa. Mzee niliyekaa naye, mtu wa Masasi, alinieleza jinsi abiria walivyokuwa wakisubiri kivuko hapo kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003. Tulipita Nangurukuru, tukapita Lindi, na Mingoyo, panapoachana njia ya Masasi na ya Mtwara, mzee akashuka. Mimi nililala Mtwara, na asubuhi nikapanda gari la Newala kupitia Nanyamba na Tandahimba.

Ukishaingia Uwanda wa Makonde, mikorosho haikuachi. Iko pande zote mbili za barabara, matawi yake yamelalia chini, na mbele ya nyumba korosho zimeanikwa juani. Ulikuwa msimu wa minada, na harufu ya mabibo ilikuwa kila mahali. Kabla korosho haijafika kwenye mizani, mkulima amepalilia shamba, amepuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ameokota moja moja chini ya mti, ameitenga na bibo lake, kisha ameianika na kuichambua. Niliyatazama hayo dirishani nikijua kwamba mwisho wa njia kuna kompyuta inayolalamikiwa kupoteza kilo za watu hawa.

Walioniita ni chama cha msingi cha ushirika. Tangu mwaka 2007 korosho za kusini huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo chamani, unapimwa, anapewa karatasi yenye namba na uzito, korosho zinapelekwa ghala kuu na kuuzwa mnadani, kisha fedha zinamrudia. Kwa hiyo karatasi ile ndiyo haki yake. Mwaka wa safari yangu chama kilianza kujumlisha stakabadhi kwa kompyuta, na orodha ya kwanza ilipobandikwa ubaoni, manung'uniko yakaanza. Malipo yalikuwa bado, na mwenyekiti hakutaka yafanyike kabla jambo halijaeleweka.

"Shikamoo, mzee," nilimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu Newala. Kaa, kunywa maji kwanza. Halafu dada karani atakuonyesha hiyo mashine."

Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta ya mezani ya siku nyingi, yenye Windows. Haikuwa na programu ya majedwali, intaneti ilikuwa ya kubahatisha, na PowerShell ilikuwa imefungwa. Mwenye nywila ya kuruhusu programu mpya hakuwepo Newala. Kilichobaki ni Notepad na lile dirisha jeusi la amri, cmd, ambalo limekuwemo katika Windows tangu Windows NT ya mwaka 1993, na ambalo mizizi yake inarudi hadi MS-DOS ya mwaka 1981. Ukiandika amri zako katika faili la maandishi na kulipa jina linaloishia kwa .bat, dirisha hilo litalisoma mstari kwa mstari na kutenda. Halihitaji leseni wala ruhusa ya ziada.

Skripti iliyokuwepo ilikuwa ya aina hiyohiyo. Ilikuwa na kazi mbili: kuondoa stakabadhi zilizoingizwa mara mbili, na kujumlisha kilo za kila mwanachama. Dada karani aliiwasha asubuhi, naye akaendelea na wakulima waliokuwa wakimsubiri mlangoni. Hadi adhuhuri ilikuwa bado inazunguka, kisha umeme ukakatika na kazi yote ikapotea.

Nilifungua faili nikalisoma. Kila stakabadhi ilikuwa ikilinganishwa na zote zinazoifuata. Stakabadhi zilikuwa zapata 3,000, na ukizilinganisha mbili mbili kwa mtindo huo unapata milinganisho 4,498,500. Zaidi ya hapo, mzunguko uliendeshwa kwa GOTO. Katika cmd, GOTO haina kumbukumbu ya mahali ilipo lebo: kila mara huanza kuitafuta kuanzia pale ilipo kwenda chini hadi mwisho wa faili, na isipoiona hurudi juu kabisa na kuanza upya. Msako huo mdogo, ukirudiwa mara milioni nne na nusu, unamaliza siku ya karani.

Dawa ya kwanza ilikuwa kubadili algoriti, yaani mpangilio wa hatua za kufikia jibu. Ukizipanga stakabadhi kwa namba zake, zilizojirudia zitakaa jirani, na kila moja itahitaji kulinganishwa na iliyoitangulia tu. Windows inayo tayari amri ya SORT ya kupanga mistari. Milinganisho milioni nne na nusu ikashuka hadi elfu tatu hivi. Dawa ya pili ilikuwa kuachana na GOTO na kutumia FOR, ambayo husomwa mara moja na kuzunguka bila kutafuta lebo. Kiini cha kazi kikawa hiki:

sort stakabadhi.txt /o mpangilio.txt
setlocal enabledelayedexpansion
for /f "tokens=1-3 delims=;" %%a in (mpangilio.txt) do (
  if not "%%a"=="!nyuma!" set /a k_%%b+=1%%c-10000
  set nyuma=%%a
)
set k_>jumla.txt

Katika kila mstari wa faili, %%a ni namba ya stakabadhi, %%b ni namba ya mwanachama, na %%c ni kilo. Alama za mshangao zinazozunguka nyuma zina kazi yake: cmd husoma kitanzi chote kwa pamoja kabla ya kukitenda, na kama ungeandika %nyuma%, thamani ingegandishwa pale pale mwanzoni na isingebadilika tena. Mstari wa mwisho nao unabeba faida isiyotarajiwa na wengi. Amri SET ikipewa mwanzo wa jina huorodhesha yote yanayoanza hivyo, tena kwa mpangilio wa alfabeti, kwa hiyo orodha ya wanachama hutoka imepangwa bila kazi ya ziada.

Lakini kasi haikuwa ndiyo iliyoniita Newala. Niliitwa kwa ajili ya kilo, na jibu lake liko katika kile kipande kinachosema 1%%c-10000.

Dada karani alitoa kwenye jalada nakala za stakabadhi za wakulima waliolalamika, tukazikagua moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa na kilo 0052, kwa sababu mizani ya pale huandika uzito kwa tarakimu nne. Skripti ilikuwa imehesabu 42. Ya pili ilikuwa 0100, ikahesabiwa 64. Ya tatu ilikuwa 0089, na hiyo haikuhesabiwa kabisa.

Chanzo ni desturi ya zamani ya amri SET /A. Namba inayoanza na sifuri huichukulia kuwa ni ya kizio cha nane. Kwa kizio hicho 52 ni nane tano na mbili, yaani 42. Tarakimu 8 na 9 hazimo katika kizio cha nane, kwa hiyo 0089 hukataliwa kwa ujumbe wa hitilafu, ujumbe unaopita juu ya kioo na kutoweka huku jumla ikibaki ilivyokuwa. Ukiweka 1 mbele, 0052 inakuwa 10052, namba ya kawaida ya kizio cha kumi. Ukitoa 10000 unabaki na 52 halali.

Dada karani aliitazama ile orodha kwa muda, kisha akasema jambo ambalo mimi nilikuwa sijaliona. "Kaka, mwenye kilo elfu moja na zaidi hana sifuri mbele."

Ndivyo ilivyokuwa. Stakabadhi ya 1240 ilihesabiwa sawasawa. Waliopunjwa walikuwa wenye mizigo midogo: wajane wenye miti michache, vijana wanaoanza shamba, wazee waliogawia watoto wao mikorosho. Kwa bei ya mfano ya shilingi 2,200 kwa kilo, zile kilo kumi za stakabadhi ya kwanza ni shilingi 22,000. Katika nyumba nyingi za Newala hizo ni daftari na sare za mtoto.

Jioni mwenyekiti alinipeleka Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma kulala chini, Msumbiji ikionekana ng'ambo. Alinionyesha njia za miguu walizozitumia kina mama wa zamani kuteremka kufuata maji na kuyapandisha kichwani. Kisha akauliza kama mashine ikishasahihishwa itaweza kubeba jumla ya chama kizima. Lilikuwa swali la mtu anayejua fedha, na lilistahili kujibiwa kwa majaribio.

Asubuhi yake tulijaribu. SET /A huhesabu namba kamili tu, na haivuki 2,147,483,647. Ukiongeza moja juu ya hapo unapata hasi 2,147,483,648. Kilo milioni moja kwa shilingi 2,200 ni bilioni 2.2, na dirisha likatuonyesha hasi 2,094,967,296. Chama kilikuwa kimepita kilo hizo milioni moja. Mkulima mmoja mmoja hafikii kikomo hicho, lakini wote kwa pamoja wanakipita.

Tiba yake ilikuwa hesabu ya kubeba, ile ya shule ya msingi. Tulitenga sehemu mbili, moja ya mamilioni na moja ya mabaki. Kila malipo yaliongezwa kwenye mabaki. Mabaki yakifika milioni, milioni ile ilibebwa upande wa pili. Kwa njia hiyo jumla inaweza kupanda kupita mahitaji ya chama chochote, kwa mashine ile ile iliyokuwa ikishindwa na bilioni 2.2.

Tulipoendesha kazi nzima, tuliandika %TIME% mwanzoni na mwishoni kupima muda. Ikaisha kwa sekunde chache. Umeme sasa ungeweza kukatika na kurudi bila kuharibu siku ya mtu. Hata hivyo hatukuamini kasi peke yake: dada karani alichukua stakabadhi za wanachama kadhaa, wadogo na wakubwa, akazijumlisha kwa kikokotoo, na kila jibu likalingana. Orodha mpya ikabandikwa juu ya ya zamani, na mwenyekiti akaeleza kwenye mkutano kilo zilikuwa zimepotelea wapi na zimerudije.

Kabla sijaondoka dada karani alilisoma faili lote kwa sauti, mstari kwa mstari, akieleza kila amri inafanya nini, na mahali pawili akabadilisha majina niliyoyachagua akaweka yake. Hilo lilinifurahisha kuliko zile sekunde. Faili la maandishi linaloweza kusomwa na anayelitumia linamwezesha kulihoji, na chama kinachoshika fedha za watu kinahitaji hesabu zinazohojika.

Vijana wengi wanaojifunza programu huambiwa wasubiri mashine mpya na lugha mpya. Newala imenionyesha kwamba mashine kuukuu yenye algoriti nzuri inatosha kwa kazi nzito, mradi mwandishi wake ajue inavyohesabu na inavyokosea. Anayeandika hesabu za watu azifanye ziwe sahihi kwanza, ndipo azifanye ziwe za haraka. Na anapozijaribu, asianze na mzigo mkubwa unaopendeza kwenye ripoti. Aanze na stakabadhi ndogo kuliko zote, yenye sifuri nyingi mbele.