Skrini ya Mwalimu

Skrini ile haikuwa mbovu. Niliiua mimi, kisha nikamwambia mwenyewe kwamba ilikufa yenyewe.

Gari lilikuwa Toyota Fielder, mtumba wa Japani. Redio nyingi za magari hayo hushika FM ya kwao, megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni zetu zinafika 108. Ndiyo maana mafundi wa Nakuru hatukosi kazi ya kuzitoa na kufunga skrini za Android. Mteja, mwalimu mstaafu wa Njoro, alisema skrini yake inajizima na kujiwasha, hasa akivuka matuta.

“Itazame taratibu, kijana wangu.”

“Hii ni ya kufleshi tu, Mwalimu,” nikamjibu, yaani kuandika upya programu yake, kabla sijafungua hata skrubu moja.

Skrini hizi zina akili mbili. Kuna Android yenyewe, na kuna chipu ya MCU inayosimamia umeme, sauti, vitufe vya usukani na kamera ya nyuma. Skrini mbili zinaweza kufanana sura na ukubwa, kumbe ndani ni vitu tofauti kabisa. Toleo la MCU limeandikwa kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu kifaa. Ulipige picha, ulilinganishe na faili la programu unayotaka kuandika, herufi kwa herufi. Sikulitazama. Nilichomeka flashi yenye faili la gari lingine, nikachagua kuandika Android na MCU kwa pamoja, injini ikiwa imezimwa, betri imechoka, chaja iko rafuni.

Skrini ikawa nyeusi. Nilibonyeza kitundu cha riseti mpaka kidole kikauma. Android ikiharibika peke yake, mara nyingi huokolewa kwa kadi ya kumbukumbu yenye faili sahihi. MCU ndiyo inayoruhusu umeme uingie. Ikiandikwa faili la kigeni, hakuna wa kuiamsha Android.

“Mwalimu, hizi za Uchina ndivyo zilivyo,” nilimwambia. Akanunua nyingine kwangu. Faida nikaila.

Baada ya muda akarudi: mpya nayo inajizima kwenye matuta yale yale. Hapo ndipo nilipofuatilia nyaya nyuma ya dashibodi, nikakuta waya wa ethi umesokotwa na kufungwa kwa tepu badala ya kukazwa kwa boliti kwenye bodi ya gari. Gari likitikisika, waya unaachia. Nikaukaza, tatizo likaisha. Skrini ya kwanza haikuhitaji kufleshiwa hata kidogo. Mwalimu akanishukuru kwa ufundi wangu, nami nikapokea shukrani ile bila kusema neno. Hilo linanichoma kuliko faili.

Nilimfuata Njoro nikamweleza yote, nikamrudishia pesa za skrini na za kazi. Alizihesabu, akaniuliza kama kuna wengine. Wapo: mmoja wa Gilgil na mwingine wa Molo, ambao pia nilizilaumu skrini zao bila kupima waya. Wa Molo ataleta gari Jumamosi. Wa Gilgil simu yake haipatikani, na bado namtafuta.