Fundi wa Kunyosha Miguu

Ukiwauliza wanafunzi wa darasa letu wangependa kuwa nani maishani, utajibiwa upesi: daktari, rubani, wakili, mhandisi. Mimi nikisema nataka kuwa fundi wa viungo, darasa zima huangua kicheko. "Kwani wewe utakuwa unashona miguu?" huniuliza. Ndiyo maana nimeomba nafasi katika jarida hili la chama chetu ili nieleze kazi hiyo ni ipi, na kwa nini sisi watu wa Bura tunaihitaji sana.

Fundi wa viungo hufanya kazi hospitalini lakini hatoi dawa wala hadungi sindano. Karakana yake ina misumeno, tupa, oveni na magunia ya plasta. Ukichungulia mlangoni utadhani umefika kwa seremala. Yeye ndiye anayemtengenezea mguu wa bandia mtu aliyekatwa mguu. Yeye pia ndiye anayetengeneza vifaa vya kushikilia kiungo kilicholegea au kilichopinda, kama vile vyuma vya miguu kwa walioathiriwa na polio, mshipi mgumu wa mgongo, na magango ya plastiki kwa watoto ambao nyayo zao zinaning'inia.

Nimeijua kazi hii kwa sababu ya ndugu yangu mdogo. Alizaliwa Februari 2023, nyayo zake zote mbili zimegeukia ndani, zinatazamana. Majirani walisema mengi. Wengine eti ni jicho baya, wengine eti mama alikanyaga kitu akiwa mjamzito. Nyanya ndiye aliyewanyamazisha. Alisema, "Mtoto ni wetu. Apelekwe hospitali." Huko mama akaambiwa kwamba hali hiyo humpata mtoto mmoja hivi katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, na kwamba si kosa lake. Nadhani maneno hayo yalimponya mama kabla mtoto hajatibiwa.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Matibabu yenyewe yamefuata methali hiyo, ingawa aliyeyabuni, Daktari Ignacio Ponseti, alikuwa Mhispania aliyefanya kazi Marekani. Mfupa wa mtoto mchanga bado ni laini. Kila wiki mguu hukandwa polepole ukageuzwa kidogo, kisha ukafungwa plasta kutoka vidoleni hadi pajani. Baada ya plasta tano au sita hivi, mara nyingi daktari huukata kidogo mshipa mgumu ulio nyuma ya kisigino ili kisigino kishuke. Hufungwa plasta ya mwisho kwa wiki tatu.

Hapo watu wengi hudhani kazi imekwisha. La hasha! Hapo ndipo fundi anapoingia. Hutengeneza viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma, vidole vikitazama nje. Mtoto huvivaa saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha usiku tu na anapolala mchana, hadi afike miaka minne au mitano. Asipovivaa, miguu hurudi ilikotoka. Aina moja ya viatu hivyo ilibuniwa hapa kwetu Afrika Mashariki, nchini Uganda, na fundi Mholanzi aitwaye Michiel Steenbeek. Alitumia ngozi na chuma cha kawaida ili mafundi wa huku waweze kuvitengeneza wenyewe bila kungoja vya kutoka ng'ambo.

Likizo ya Aprili mwaka huo nilimsindikiza mama kwenda kuvichukua. Tulipokuwa tunangoja, nilimwona fundi akimtengenezea msichana mmoja gango la mguu. Alitia alama kwenye vifundo kwa kalamu, akauzungushia mguu bandeji ya plasta, ikikauka akaikata na kuivua kama gamba la nyoka. Humo ndani akamwaga uji wa plasta. Ulipoganda, ukawa mguu mweupe kabisa kama wa yule msichana. Akauchonga kwa tupa, huku akipunguza, huku akiongeza pale mfupa unapojitokeza ili usije ukachubuliwa. Kisha akachukua bamba la plastiki lililolainishwa ndani ya oveni, akalivika ule mguu wa plasta, na mashine ikafyonza hewa mpaka plastiki ikashika barabara. Mama akamwita, "Daktari." Yeye akacheka. "Mama, mimi si daktari, mimi ni fundi. Daktari akimaliza, mimi ndiyo kwanza naanza."

Maneno hayo tuliyaelewa vizuri mwisho wa 2023. Mvua za El Nino zilinyesha, Tana ikafurika, barabara ya kwenda Garissa ikakatika pale Mororo. Wakati huo huo mtoto alikuwa amekua na viatu vimembana, vidole vimepita ukingo na ngozi imekuwa nyekundu. Alilia usiku kucha. Mama alivivua, angefanyaje? Vikubwa zaidi viko ng'ambo ya maji. Barabara ilipofunguka, visigino vilikuwa vimeanza kupanda tena na nyayo kurudi ndani. Ikabidi aanze plasta upya mwezi wa Januari 2024. Nauli ya safari hizo ilitoka kwa mbuzi watatu.

Leo ana miaka mitatu na anakimbia kwenye kingo za mifereji ya mradi mpaka tunamkemea. Lakini bado analala na viatu vyake, na bado anakua. Kila vinapoanza kumbana, mama hutazama mawingu kwanza.

Wenzangu, sisi watoto wa mradi wa Bura tunalijua jambo hili kuliko wengine. Mashamba yetu yalitegemea maji yaliyovutwa kwa pampu kutoka mto Tana. Pampu zilipokwama, pamba ilikauka, ingawa mbegu zilikuwa nzuri na wakulima walikuwa hodari. Kumpa mtoto kifaa mara moja tu ni kama kumwagilia shamba mara moja. Mguu unakua, mkanda unakatika, soli inatobolewa na miiba ya mathenge. Msaada wa kweli ni mtu aliye karibu, anayejua kurekebisha.

Baba ana wasiwasi. Anasema, "Ukisomea hiyo, karakana utaipata wapi huku?" Swali lake ni la haki na sina jibu kamili. Ila najua kwamba karakana haiji mahali pasipo na fundi wa kuidai. Diploma ya kazi hii hufundishwa katika chuo cha KMTC, Nairobi. Jirani zetu Watanzania wana chuo cha TATCOT huko Moshi kilichoanzishwa 1981, na wanafunzi wametoka nchi nyingi za Afrika kwenda kusoma huko. Kinachotakiwa si miujiza. Biolojia hukueleza mfupa na msuli, fizikia hukueleza nguvu na wenzo, nayo hesabu hukufundisha kupima bila kubahatisha.

Kwa hivyo mwaka huu wengi walipoikimbia fizikia, mimi nilibaki nayo, ingawa alama zangu bado zinachechemea. Shime wenzangu, tusikimbilie tu kazi zenye majina makubwa. Na yule anayenicheka namwambia asichoke kucheka, bali aje tusome fizikia pamoja jioni. Mafundi wawili Bura ni bora kuliko mmoja.