Kesho ya Fundi

Walimu wenzangu, sisi tunaosomesha lugha tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba neno la wakati ni dogo kwa umbo lakini ni kubwa kwa uzito. Nimelisema jambo hilo darasani kwa miaka mingi pasipo kulionja. Nililionja nilipoanza kujenga nyumba yangu hapa Masoro, katika sekta ya Ndera, wilaya ya Gasabo, upande wa mashariki wa jiji la Kigali.

Kiwanja nilikinunua mwaka 2018. Wakati ule mimi na mke wangu tulikuwa tumepanga vyumba viwili huko Remera. Mama yangu mzazi alikuwa akiishi kijijini upande wa Rwamagana, nami nilikuwa nimemwahidi chumba chenye dirisha la kuelekea mawio ya jua. Mama alikuwa akiugua presha ya macho, na daktari alikwisha kutueleza kwamba nuru inayopotea kwa maradhi hayo hairudi. Basi ilinipasa kujenga mbio, giza lisije likanitangulia.

Kama ilivyo desturi ya mwalimu, nilichukua daftari nikaandika azimio la kazi. Mvua kubwa huku kwetu huja mara mbili: masika, ambayo Wanyarwanda huyaita itumba, toka Machi hata Mei, na vuli, yaani umuhindo, toka Septemba hata Desemba. Nikapanga kuchimba msingi kiangazi cha 2019, kupandisha kuta Januari na Februari 2020, na kuezeka kabla ya katikati ya Machi. Zege la jamvi nililitengea siku 7 za kumwagiwa maji na siku 28 za kukomaa. Kila juma lilikuwa na kazi yake, na kila faranga ilikuwa na mahali pake. Nililitazama azimio langu nikaliona limetimia.

Kumbe nilikuwa nimesahau jambo ambalo hata mwalimu mwanagenzi halisahau. Katika azimio la masomo huwa tunaacha majuma ya marudio, ya mitihani, na ya dharura, kwa kuwa twajua watoto huugua na mvua hunyesha. Katika azimio la nyumba yangu sikuacha hata siku moja tupu.

Mwanzo wa kuchelewa ulikuwa kibali. Ramani ilirudishwa mara mbili kwa sababu vipimo vyake havikulingana na vile vya hati ya ardhi. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimekipima kiwanja mwenyewe kwa kamba, nikampa mchoraji vipimo hivyo. Halafu, Februari 2019, mpaka wa Gatuna, ulio kati yetu na Uganda, ukafungwa. Haukufunguliwa tena hata tarehe 31 Januari 2022. Bidhaa zilizozoea kupita njia ile zikabidi kutafuta njia nyingine, na bei za saruji na nondo nilizozikuta dukani hazikuwa tena zile nilizoziandika daftarini.

Fundi wangu mwashi alikuwa mzee aliyekulia Uvira, mwenye Kiswahili cha Kongo. Kila nilipomwuliza kazi fulani itakwisha lini alinijibu neno moja: kesho. Vibarua nao, kwa Kinyarwanda, walijibu: ejo. Wasomaji wasioijua lugha hiyo wafahamu kwamba ejo ni jana, na ejo ni kesho pia. Maana hujulikana kwa kitenzi au kwa neno linalofuata. Anayetaka kusema jana bila shaka husema ejo hashize, na kesho ni ejo hazaza. Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi kwamba Kiswahili kimetuondolea mashaka hayo kwa kuwa kina maneno mawili mbalimbali. Pale kiwanjani nikatambua kwamba kesho ya Kiswahili nayo ina maana zaidi ya moja.

Januari 2020 nilipata milango ya mbao ngumu kwa bei nzuri. Nikainunua yote, ingawa nyumba ilikuwa bado haina hata mahali pa kuitia. Fedha hizo zilikuwa za mabati. Februari ikaisha, kuta zikasimama, paa halipo. Kila siku fundi aliwaambia vibarua kwamba mabati yatakuja kesho. Siku moja nilishikwa na hasira, nikamwambia mbele ya watu kwamba yeye ni mwongo, na kwamba kesho yake haina mwisho.

Mzee hakunijibu pale. Alingoja vibarua wakaondoka, akaniketisha juu ya rundo la matofali, akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, "Mwalimu, kesho yangu inatokaka ku mufuko yako."

Nilinyamaza. Alikuwa anajua siku zote kwamba fedha za mabati sinazo, naye alikuwa akisema kesho ili vibarua wasinivunjie heshima. Nilimwomba radhi. Alicheka, akashauri tutafute maturubai ya kufunika vichwa vya kuta, maana masika yamekaribia. Nikamjibu kwamba nitayanunua kesho.

Tarehe 21 Machi 2020 serikali ilitutaka sote tukae majumbani kwa sababu ya korona. Biashara ya vitenge ya mke wangu ikasimama. Mvua za Aprili zikanyesha juu ya kuta zisizo na paa wala turubai, maji yakapenya toka juu, na ukuta mmoja ukaanguka. Ulikuwa ukuta wa mashariki, wa chumba cha mama. Nilipata habari kwa simu kutoka kwa jirani, nami sikuweza kwenda kuuona hata Mei. Wahenga waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa wananizungumzia mimi, tena bila kutumia fumbo lolote.

Ukuta ulijengwa upya, nyumba ikaezekwa mwezi wa Septemba. Januari 2021 jiji letu likafungwa tena. Tulihamia Agosti mwaka huo, kuta za ndani zikiwa hazijapigwa lipu. Mama alikuja mwaka 2022. Wakati huo alikuwa haoni tena isipokuwa mwanga wa dirisha. Nilimshika mkono nikamwingiza chumbani kwake. Alipapasa ukuta polepole, kuanzia mlangoni, akafika pembeni mahali ukuta mpya ulipoungana na wa zamani, akasimama. "Hapa ndipo palipoanguka," alisema. Sikuwa nimemwambia kamwe. Kisha akauliza jua litatokea upande gani, nikamwonyesha, naye akaomba kitanda kiwekwe hapo.

Mwaka huohuo mwanafunzi mmoja aliniuliza swali. "Mwalimu, ulitufundisha kuwa haraka haraka haina baraka, tena ukatufundisha kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Tufuate ipi?" Zamani ningemjibu kwamba kila methali ina mahali pake, nikaendelea na somo. Safari hii nilimweleza habari ya milango na mabati: nilikuwa na haraka penye kungojea, nikangoja penye haraka. Darasa zima lilicheka, kisha likanyamaza.

Tangu hapo somo langu la msamiati wa ujenzi nalifundishia penye ujenzi wenyewe, kwa ruhusa ya mafundi. Wanafunzi hufurahi kuona jinsi umufundi wa Kinyarwanda anavyofanana na fundi, umusumari na msumari, idirishya na dirisha. Nawasihi wenzangu wajaribu. Watoto wakisikia neno kesho likitoka kinywani mwa mwashi, waulizwe ni kesho ya nani, na inategemea nini.

Nyumba yangu bado haina ukuta wa uani. Katika daftari nimeuandikia mwezi wa Juni, na chini yake nimeacha mistari mitatu mitupu.