Daftari la Mbuzi

Barua iliyotoka Oldonyiro katikati ya Agosti haikuanza kwa kumwambia binti avumilie. Mjomba aliyeiandika, mchuuzi wa mbuzi asiyejua hata kuwasha kompyuta, alianza kwa kumkubalia mpwa wake: darasa hilo ni bovu.

Binti yuko kidato cha tatu. Mama yake aliuza mbuzi wawili ili asomee kompyuta mjini Isiolo wakati wa likizo. Wiki mbili sasa ananakili ubaoni majina ya sehemu za kompyuta. Mashine ni nne, wanafunzi ishirini, na mwalimu anasoma nukuu zake kama mtu anayehesabu mifugo ya jirani. Ukiuliza swali, unaambiwa halimo kwenye silabasi.

Mzee akamsimulia kisa alichokisikia redioni. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanzania, Erasto Mpemba wa kidato cha tatu alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyapoza, kisha kuyatia kwenye friza. Nafasi ilikuwa inakwisha, akayatia ya moto. Yakaganda kabla ya yale yaliyoingia baridi. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipohamia Mkwawa, Iringa, mwingine akamkejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Hakunyamaza. Mwanafizikia Denis Osborne alipozuru shule hiyo, kijana alimuuliza swali lile lile huku wenzake wakicheka. Osborne akaenda kulijaribu Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wangali wanabishana. Majaribio yaliyochapishwa 2016 hayakuona ushahidi wowote, na mzee hakulificha hilo.

Kilichomkaa mzee moyoni ni ile friza. Mpemba aliingia darasani na jambo aliloliona kwa macho yake. Binti ameingia mikono mitupu, anangoja achangamshwe. Hapo alimkaripia, labda kupita kiasi, maana mashine nne ni mashine nne.

Dereva wa gari linalopitia Kipsing alikabidhiwa barua pamoja na daftari lisilo na jalada. Ndani yake kuna tarehe, idadi, bei na mnunuzi, vyote kwa kalamu ya bluu, na doa la chai limeenea juu ya Juni. Ni mauzo ya mzee sokoni Oldonyiro mwaka 2022, mvua zilipokuwa zikikosa msimu baada ya msimu. Anaomba yaingizwe kwenye jedwali la kompyuta, aambiwe bei ilianza kuporomoka wiki gani. Yeye anakumbuka ni Agosti. Mkewe anashikilia ni Mei.

Kurasa za Machi hazimo, mbuzi alizitafuna. Mwalimu aulizwe: mwezi huo uachwe tupu, au uandikwe sifuri?