Vita vya chiriku kizimbani

Leo hakuna Linux wala hifadhidata. Leo ni ndege.

Nyumbani tunao chiriku pundamilia wanne, madume wawili na majike wawili. Ni vile vindege vyenye asili ya Australia, mdomo mwekundu. Dume utamjua kwa mashavu ya rangi ya chungwa na kwa kuimba, maana jike haimbi. Huishi kwa makundi, hivyo watu hudhani hawagombani. Wanagombana! Majuma matatu yaliyopita binti yangu alinionyesha jike mmoja aliyenyonyolewa kisogo, ngozi wazi, damu inatoka. Nilimtenga papo hapo, kwa sababu wenzake wakiona kidonda huendelea kukidonoa.

Jirani yangu mfuga njiwa akasema chakula hakitoshi. Mama watoto akasema kizimba ni kidogo. Mimi kazi yangu ni programu, na programu ikileta balaa huanzi kwa kukisia. Basi nikaweka simu kuukuu mbele ya kizimba, na programu fupi ya Python ikawa inahifadhi picha kila ndege walipokurupuka.

Siku mbili zilitosha. Kwenye wimbi na maji, amani. Fujo zilikuwa kwenye ufito mmoja, ule wa juu kabisa jirani na kiota, hasa jioni ndege wanapotafuta pa kulala. Dume mmoja alimfukuza mwenzake hapo kama askari wa getini. Mnaojua programu mbili zikigombea faili moja mtanielewa: hata uiongezee mashine nguvu, faili ni ileile moja.

Ushauri wa kawaida ni kumtenga mkorofi siku kadhaa, ubadilishe mpangilio wa fito, kisha umrudishe akiwa kama mgeni. Ni ushauri mzuri. Lakini nilipochungulia kiotani nikakuta mayai manne! Chiriku hawa huatamia kwa zamu, dume na jike, kwa takriban majuma mawili. Ukimwondoa baba, mama anabaki na kazi ya wawili. Binti yangu alitaka mkorofi ahukumiwe. Nikamwambia huyu anayepiga ndiye mwenye mayai. Hakuridhika hata kidogo.

Kwa hiyo waliohama ni wale walioonewa. Kizimba chao kipya ni kirefu kwa ubavu kuliko kwa kimo, kwani hawa huruka kwenda mbele zaidi ya kupanda juu. Fito mbili za juu zinalingana, vyombo vya chakula viko pande mbili, na kiota sijaweka. Jike yule ameanza kuota manyoya mapya.

Kuwaunganisha tena sina haraka. Wafugaji wengi hushauri jozi moja, au tatu na kuendelea, mbili hapana. Binti yangu kauliza kama maana yake tutanunua jozi ya tatu. Nimemwambia akamuulize mama yake.